Shajara ya mradi: kushikisha vipande vya matumbawe laini kwenye mawe, Arusha

Kabla ya kukata: tangi na maji

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kina cha 45. Kioo kitupu kinachukua lita 243. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu isiyojazwa, maji halisi ni karibu lita 200, na dozi zote zilizoandikwa humu zimepigwa kwa lita 200. Lipo Arusha mjini, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo una neno lake katika kazi hii, kama itakavyoonekana usiku wa kwanza.

Matumbawe mama ni matatu. La kwanza ni Sarcophyton, lenye shina nene na kofia kama ya uyoga, upana sentimita 18. La pili ni Sinularia ya matawi mithili ya vidole. La tatu ni Xenia, ambayo polipu zake (vinywa vidogo vyenye mikono) hufumba na kufumbua kama viganja mchana kutwa. Yote yamekulia kwenye matangi ya majumbani. Kung'oa tumbawe hai baharini bila kibali ni kosa, na isitoshe, tumbawe lililokwisha kuzoea taa na maji ya tangi ndilo linalostahimili wembe.

Lengo ni vipande 24: Sarcophyton 10, Sinularia 8 na Xenia 6. Ifikapo siku ya 30 kila kipande kiwe kimejishika chenyewe juu ya jiwe, bila uzi, bila mpira, bila neti. Tunasisitiza kujishika chenyewe kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Gundi haishiki nyama ya tumbawe laini. Hushika ute ulio juu ya nyama, na ute huo tumbawe huuvua baada ya saa chache, gundi ikaondoka nao. Kinachoshika ni nyama mpya inayoota kwenye kidonda na kuingia kwenye vitundu vya jiwe, na nyama hiyo haioti penye mtikisiko. Kila pampu inapokisukuma kipande, ule mshiko wa jana hupasuka na kuanza upya. Basi tangu kuchagua jiwe hadi kupunguza mkondo, kazi ni kukituliza kipande mahali pamoja kwa siku kumi hadi ishirini bila kukinyonga na bila kukinyima hewa.

Vipimo vya wiki ya kabla: chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25.5, ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) 8.4 kwa kipimo cha dKH, na kwa miligramu kwa lita, kalsiamu 420, magnesiamu 1,300, nitreti 8, fosfeti 0.06. Refraktomita, kifaa cha lenzi cha kupimia chumvi, ilirekebishwa kwanza kwa chumvi ya mezani: gramu 36.5 za chumvi kavu ndani ya gramu 963.5 za maji yaliyosafishwa, mchanganyiko ambao kwenye lenzi husoma 35. Kurekebisha kwa maji matupu kwenye sifuri hakutoshi, kwani kifaa cha bei ya chini huweza kuwa sawa kwenye sifuri kikakosea alama mbili tatu pale kwenye 35 tunapopahitaji.

Maji matamu yanastahili aya yake kwa mtu wa huku. Mabomba na visima vingi vinavyouzunguka Mlima Meru hubeba floraidi itokanayo na miamba ya volkano. Bahari yenyewe ina floraidi ya asili, takriban miligramu 1.3 kwa lita, kwa hiyo kidogo haidhuru. Balaa liko kwenye kujazia. Tangi hili hupoteza lita 3 kwa siku kwa mvuke, na mvuke huondoka na maji tu, madini yakabaki. Ukijazia maji yenye floraidi miligramu 3 kwa lita, unaingiza miligramu 9 kila siku. Kwa siku 30 ni miligramu 270 ndani ya lita 200, yaani nyongeza ya 1.35 kwa lita: ndani ya mwezi mmoja umeifikisha maradufu ya bahari. Maji yetu yote, ya kuchanganyia chumvi na ya kujazia, hupita kwenye mashine ya RO (kichujio chenye utando mwembamba sana) na kisha kwenye kopo la rezini inayonasa madini, mpaka kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka, kisome 0.

Wanaotumia vichujio vya mkaa wa mifupa, vile vilivyofanyiwa utafiti pale Ngurdoto, wakumbuke kwamba kwa maji ya kunywa ni msaada mkubwa, lakini mfupa uliochomwa ni kalsiamu fosfeti na huweza kuachia fosfeti majini. Peke yake haufai kwa tangi la matumbawe. Magadi ya Ziwa Natron nayo yabaki jikoni kwenye maharage. Ni kweli yanapandisha ualkali, ila yanakuja na floraidi. Sisi tunatumia sodiamu baikaboneti, ile soda ya kuokea: gramu 6 hupandisha dKH 1 kwenye lita 200.

Mawe

Jiwe jeusi la volkano limejaa kila uwanja wa Arusha na Moshi, na kila mtu hulijaribu mara moja. Hatulipendekezi kwa vipandikizi. Baadhi yana chembe za chuma, na nyuso zake zikipasuliwa mara nyingi ni laini mno. Jaribio ni la dakika moja: dondosha siki juu ya jiwe kavu. Jiwe la chokaa litatoa vipovu, la volkano litakaa kimya.

Tulitumia jiwe la matumbawe mfu, lile linalojengewa nyumba za pwani, vipande vilivyoletwa kutoka Tanga. Lilipasuliwa kwa nyundo hadi sentimita 6 au 8, upande wenye vitundu ukiwekwa juu. Kisha likapigwa brashi na kulowekwa kwenye maji ya RO. Baada ya saa 24 ndoo ilisoma fosfeti 0.2, na ilichukua kubadili maji mara nne hadi ikashuka 0.05. Baada ya hapo mawe yakakaa wiki tatu kwenye tangi la chini (tangi la pili lililo chini ya hili kuu, maji yakizunguka kati yake) yapate utando. Tumbawe laini hushika jiwe lenye utando mwembamba mapema kuliko jiwe jeupe lililotoka kukauka juani. Anayetaka kufinyanga vigoda vya saruji na mchanga wa makombe anaweza, ila avilowekee wiki nne hadi sita, kwani saruji mbichi huvuja chokaa na kupandisha pH.

Vifaa

Vingi vinapatikana mjini. Bledi za upasuaji na glovu tulipata duka la vifaa tiba, pamoja na bomba la sindano la mililita 60 na chupa ya Lugol (dawa ya iodini) ya asilimia 5. Rababendi nyembamba, vijiti vya meno vya mbao, sindano ya kushonea nguo, mshipi wa nailoni wa milimita 0.20, makopo sita ya mtindi yaliyotobolewa kwa msumari wa moto, na miwani ya fundi. Miwani si pambo. Sarcophyton ikiminywa hurusha maji yenye ute, na ute huo una kemikali za kujilinda zinazochoma jicho.

Neti ya kufunikia makopo ilikuwa neti ya shela ya bibi harusi, mita moja kutoka duka la vitambaa. Usikate chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vya siku hizi vina permethrini au deltamethrini ndani ya nyuzi zake, dawa inayoua kamba na kaa kwa kiwango kidogo sana na samaki kwa kinachofuatia. Kufua hakuitoi, kwani nyuzi zimetengenezwa zihimili kufuliwa. Mtu asitie tangini hata kipande cha kiganja.

Siku ya 1: kukata

Saa moja kabla, mfuko wa mkaa hai (wa kuchujia maji, si wa jikoni) gramu 100 uliwekwa kwenye njia ya maji ya tangi la chini. Mkaa hunyonya zile kemikali ambazo Sarcophyton na Sinularia huachia zikijeruhiwa. Bila mkaa, jirani mwenye polipu ndogo hufumba siku tatu na mtu akadhani ni ugonjwa.

Ukataji ulifanyika nje ya tangi, kwenye mabeseni matatu ya lita 8 kila moja yenye maji ya tangi. Hapa palitokea kosa la kwanza. Julai ya Arusha chumba kilikuwa nyuzi 18, na ndani ya dakika 40 beseni la kwanza lilishuka kutoka 25.5 hadi 22.5. Beseni ni pana na halina hita. Tuliokoa kwa kuelesha chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, tukiibadili kila robo saa. Mwenye hita ndogo ya ziada aitumbukize tangu mwanzo.

Sarcophyton iliguswaguswa ifumbe polipu na kutoa maji, tukasubiri dakika 10. Hatukukata kofia nzima. Tulikata ukingo tu, pete ya upana wa sentimita 4, tukaacha katikati ya sentimita 10 juu ya shina ili mama aendelee kula mwanga. Pete hiyo ilitoa vipande 10 vya urefu wa kama sentimita 4.4. Wembe huvutwa mara moja kuelekea kwako, hausokotwi mbele na nyuma kama msumeno, maana kidonda chenye nyuzinyuzi huoza kabla ya kufunga. Badili bledi kila baada ya vipande vitano, kwani ndani ya nyama mna vijiti vidogo vya chokaa vinavyotafuna makali upesi kuliko unavyotarajia.

Sinularia ilitoa matawi manane ya sentimita 4, yakikatwa pale tawi linapoanza. Xenia ilikatwa kwenye shina kwa mkasi mdogo, vishada sita.

Vipande vya Sarcophyton na Sinularia vilitikiswa kwenye beseni la pili kutoa ute, kisha vikakaa dakika 10 kwenye maji ya tangi yenye Lugol matone 5 kwa lita, halafu vikasuuzwa kwenye beseni la tatu. Xenia haikuchovywa, haipendi. Maji ya mabeseni yote yalimwagwa nje. Hata kikombe kimoja hakikurudi tangini. Lita 24 mpya zilizochukua nafasi yake zilihitaji chumvi ya akwariamu gramu 890 hivi, kwa hesabu ya gramu 37 kwa lita.

Kisha kufunga, na hapa tulitumia njia tatu makusudi ili zilinganishwe.

Vipande vitano vya Sarcophyton vilishonwa. Sindano ilipita kwenye nyama nyeupe ya chini, milimita 5 juu ya kidonda, isiguse uso wa polipu, na ncha mbili za mshipi zikazungushwa kwenye jiwe na kufungwa chini.

Vitano vilivyobaki pamoja na Sinularia zote nane vilipata kijiti. Kijiti cha meno hupitishwa kwa mlalo kwenye shina au nyama ya chini, kikivunjwa ili kibaki sentimita 1 kila upande. Rababendi hupita juu ya ncha moja, chini ya jiwe, hadi ncha ya pili. Mpira unabana mbao, haubani nyama. Kidonda kielekezwe chini kabisa, kiguse jiwe, na kama kuna kitundu cha kufaa kiingie humo.

Xenia haivumilii sindano wala kijiti, ni nyama ya maji. Vishada viliwekwa kimoja kimoja kwenye makopo ya mtindi yenye kokoto za sentimita 1 hadi 2, neti ya shela juu, rababendi shingoni. Neti ikae juu bila kugusa polipu.

Supa gluu ya jeli tuliitumia kwa mawe tu, yaani kugandisha jiwe la kipandikizi kwenye rafu ya jiwe kubwa lisiporomoke. Ile ya maji iliyozagaa madukani hutiririka kabla haijashika. Ukiinyunyizia soda ya kuokea kidogo inaganda papo hapo na kuwa ngumu kama meno. Fanya hivyo nje ya maji, mbali na pua, maana hutoa joto na moshi.

Mawe yote yalipangwa sakafuni mwa tangi. Taa ilishushwa hadi asilimia 40 kwa saa 8. Pampu ya mkondo ilielekezwa kwenye kioo ili mawimbi yarudi yakiwa yamelegea. Kipimo chetu ni uzi wa pamba wa sentimita 5 uliofungwa kwenye jiwe: uyumbe taratibu, usinyooke kama bendera. Ukilala kabisa, mkondo umekuwa mdogo mno, na ute utatulia juu ya kidonda ukaoza hapo hapo.

Usiku wa 1

Maji ya bahari ya nyuzi 25 yaliyojaa hewa usawa wa pwani hubeba oksijeni karibu miligramu 6.7 kwa lita. Arusha kanieneo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la pwani, na maji yaleyale hayawezi kubeba zaidi ya 5.7 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 6. Siku za kawaida tofauti hiyo haionekani. Usiku wa kukata inaonekana, kwa sababu ute mwingi umeingia majini, bakteria wanaula na kuvuta oksijeni, na taa zimezimwa hivyo hakuna mwani wa kuirudisha. Maelekezo yaliyoandikwa na watu wa pwani huacha akiba ambayo sisi wa mlimani hatuna.

Kwa hiyo pampu ya hewa ya pili iliwashwa usiku kucha kwa siku tano, na jiwe lake la vipovu likawekwa upande wa pili wa vipandikizi ili vipovu visinase chini ya nyama. Mashine ya povu, ile inayotoa uchafu majini kwa vipovu, ilifurika mara mbili, jambo la kutarajiwa. Tulishusha kiwango chake cha maji, hatukuizima. Pampu ya hewa ya betri ilikaa tayari kwa umeme kukatika. Ukikatika usiku huu, hewa ndiyo ya kwanza, hita ni ya pili. Lita 200 hupoa polepole, oksijeni haisubiri.

Siku ya 2 na ya 3

Ute mweupe kama utando wa buibui kwenye kila kipande. Ulipeperushwa kwa bomba la sindano asubuhi na jioni, umbali wa sentimita 5, bila kuelekeza kwenye kidonda. Mkaa hai ulibadilishwa siku ya 3, kwani wa kwanza ulikuwa umeshiba. Vidonda vya Sarcophyton vimeanza kujikunja kingo kuelekea ndani, dalili nzuri.

Xenia mbili zimeyeyuka. Xenia ikifa haifi nusu. Hugeuka uji wa kijivu ndani ya saa chache na kuchafua kopo zima. Zilitolewa na kokoto zake. Nyingine nne zipo sawa, mbili zimeanza tena kufumba na kufumbua.

pH ya asubuhi 7.9, ilhali kawaida yetu ni 8.2. Chanzo hakikuwa tangi. Baridi imefanya madirisha yafungwe, jiko la mkaa linawaka chumba cha pili, na hewa ya ukaa imejaa nyumbani. Dirisha moja lilifunguliwa kiasi cha kiganja, na kufikia jioni ilisoma 8.1. Hakuna dawa iliyomwagwa. Kupandisha pH kwa kemikali wakati hewa ya chumba ndiyo chanzo kungevuruga ualkali bure.

Siku ya 5

Vipande viwili vilivyoshonwa vimekatika, uzi umepita ndani ya nyama kama ulivyo uzi kwenye sabuni. Sababu tumeiona wazi: tulifunga kipande kikiwa kimesinyaa. Siku ya tatu kilijaa maji na kurudi ukubwa wake, nafasi haikuwapo, uzi ukakata. Atakayeshona afunge kwa ulegevu wa milimita 2 hivi, mpaka aone kama kipande kitachomoka. Hakichomoki, kidonda kikiwa kimegusa jiwe. Kimoja kati ya viwili hivyo kilitiwa kijiti, kingine, kilichokuwa kimebaki kidogo, kilipelekwa kwenye kopo la kokoto chini ya neti.

Sinularia moja ina weusi chini. Ukiinusa nje ya maji ni harufu ya yai viza. Kijiti chake kilipita karibu mno na kidonda, pakafunga kama mdomo na uchafu ukanasa katikati. Tulikata sentimita 1 juu ya weusi hadi nyama safi, tukaiosha kwa Lugol na kuiweka kwenye kopo. Minyoo yenye nywele ilikutwa pale kwenye weusi. Si yenyewe iliyoua. Hufuata kilichokwisha oza, na kuiondoa hakuponyi kitu.

Kaa anayeishi ndani ya gamba la konokono amehamishiwa tangi la chini hadi mwisho wa mradi. Hali matumbawe, ila hupanda juu yake na kuyatikisa.

Siku ya 8

Xenia zote nne zimeshika. Tatu zimeshika kokoto. Moja imetembea hadi ukutani na kushika plastiki ya kopo. Haina hasara: ukuta wa kopo hukatwa kwa mkasi kulizunguka shina, na kipande hicho cha plastiki ndicho kitakachogandishwa kwenye jiwe.

Neti zimeota mwani wa kahawia na hewa ndani ya makopo imepungua. Zipigwe mswaki kila baada ya siku mbili, zikiwa mahali pake. Kuzifungua mapema ndiko kunakopoteza vipande.

Ile Sinularia iliyokatwa upya imeoza tena. Imetupwa.

Siku ya 14

Jaribio la kwanza la mshiko. Bomba la sindano, mililita 60 kwa msukumo wa wastani, likielekezwa chini ya kipande. Ukingo usipoinuka, kimeshika. Sarcophyton sita na Sinularia tatu zimefaulu. Rababendi zilikatwa kwa mkasi, hazikuvutwa, kwa sababu kuuvuta mpira huondoka na kijiti, na kijiti bado kimekumbatiwa na nyama. Kijiti kiachwe. Mbao hulainika na kuoza, na tumbawe hukisukuma nje lenyewe au kukifunika.

Sarcophyton tatu zimefumba na kung'aa kama zilizopakwa nta. Hapa wengi huhamisha kipande au kukikata tena, nao wanakosea. Linavua ngozi. Huchukua siku chache hadi wiki moja au zaidi, kisha utando huondoka na polipu hutoka. Msaada pekee ni kuongeza mkondo kidogo ili utando usilale juu yake.

Taa imepanda hadi asilimia 55, saa 9.

Siku ya 21

Sarcophyton mbili na Sinularia mbili zimeongezeka kwenye orodha ya zilizoshika. Mawe yenye vitundu yametangulia yale yenye uso bapa kwa karibu wiki nzima. Ualkali umeshuka hadi 7.9, na gramu 3 za soda zimeurudisha. Nitreti 10. Maji lita 25 yamebadilishwa.

Siku ya 30

Sarcophyton: tisa zimejishika kwenye jiwe, moja bado ipo kwenye kopo, nzima lakini haijachagua kokoto. Sinularia: sita zimeshika, moja bado inategemea mpira, moja imekufa. Xenia: nne zimeshika, mbili zilikufa. Jumla 19 kati ya 24 zimejishika zenyewe, mbili bado, tatu zimepotea.

Kwa upande wa njia za kufunga, kijiti kimeishinda sindano waziwazi. Vipande vitano vya Sarcophyton vilivyoanza na kijiti vimeshika vyote. Kati ya vitano vilivyoshonwa, vitatu vilishika kwenye uzi, kimoja kilishika baada ya kuhamishiwa kijiti, kimoja ndicho hicho cha kopo. Duru ijayo hatutashona, isipokuwa kipande kikubwa kinachozidi sentimita 8, ambacho kijiti kimoja hakikiwezi.

Kokoto zenye Xenia zimegandishwa kwa jeli juu ya jiwe la peke yake, katikati ya mchanga, sentimita 15 kutoka mawe makuu. Xenia ikishafika mwambani huenea kuliko tunavyoweza kuing'oa, na ukanda wa mchanga ndio uzio wake. Mama wa Sarcophyton amefunga kidonda mzunguko mzima, na ukingo mpya wa milimita 5 hivi umeanza kujikunjua. Hatakatwa tena kabla ya miezi minne. Taa imerudi asilimia 70, pampu ya mkondo imerudishwa mahali pake, na kaa amerudi juu.

Kopo la Sarcophyton moja na mpira wa Sinularia moja vitaangaliwa tena siku ya 40.